Bastola ya Nikeli: Kabla Hujalipa, Tazama Kingo

Kama umekusudia kununua bastola moja tu ya zamani maishani mwako, isiwe ya nikeli. Nasema hivyo nikiwa nazo tatu kabatini, na mbili kati yake nimezilipia mara mbili: kwanza kwa fedha, kisha kwa aibu.

Naijua sababu ya watu kuzikimbilia. Ingia ukumbi wowote wa maonesho ya silaha za zamani hapa Marekani. Meza ni nyingi, taa za mirija zinawaka juu, na kila meza imejaa vyuma vyeusi vilivyolala kimya kama kambare sokoni. Katikati ya weusi huo kuna kitu kimoja kinameta. Miguu inakwenda yenyewe. Muuzaji naye analijua hilo, ndiyo maana kaiweka mbele, juu ya kitambaa chekundu, na kitaa chake kidogo pembeni.

Tuanze na sheria, kwa ufupi, maana wengi mnaoniuliza mmetoka Mombasa, Dar, Bujumbura au Bukavu, na mko hapa kwa karatasi za kila namna. Ukiwa na viza ya muda, iwe ya masomo, matembezi au kazi, sheria ya shirikisho kwa kawaida inakukataza kumiliki bunduki au risasi, ila kwa ruhusa chache kama leseni ya uwindaji. Mwenye kadi ya kijani anaruhusiwa, akipita ukaguzi uleule wa raia. Silaha iliyotengenezwa mwaka 1898 au kabla yake huhesabiwa na sheria ya shirikisho ya mwaka 1968 kuwa ya kale, na masharti yake ni mepesi, lakini majimbo yana sheria zao, kwa hiyo uliza kwanza huko uliko. Wala usithubutu kuifunga ndani ya sanduku ukaenda nayo nyumbani likizo. Kuitoa Marekani kuna kibali chake, na kuiingiza Kenya au Tanzania bila leseni ni kesi, hata kama ni kipande cha mwaka 1880 ambacho hakijawahi kulia tangu babu yako azaliwe.

Tukishamaliza hilo, tuingie kwenye nikeli yenyewe.

Mwanzoni haikuwa pambo. Chuma cha bastola kisipovikwa kitu kinashika kutu, na vazi la kawaida lilikuwa lile la rangi ya buluu iliyokolea hadi weusi. Buluu hiyo ni kutu iliyofugwa: kwa njia mojawapo ya zamani, chuma kinaachwa kishike kutu kwa vipimo, kinasuguliwa, kinarudiwa, mpaka kinajenga utando mwembamba wenye rangi. Utando huo hunywa mafuta vizuri lakini hauzuii maji kwa muda mrefu. Na miaka hiyo risasi zilikuwa za baruti nyeusi, ambayo ikishaungua huacha masizi yenye chumvi inayovuta unyevu hewani. Ukifyatua jioni ukalala bila kusafisha, asubuhi unakuta kutu imeshaamka kabla yako. Ongeza jasho la mtu anayeishindilia kiunoni chini ya koti kutwa nzima, na utaelewa kwa nini watu walitamani kitu kinachofutika kwa kitambaa kama sahani.

Mwaka 1869 Isaac Adams wa Boston alipata hataza ya namna ya kuchovya nikeli kwa umeme ambayo viwanda viliweza kuitumia kila siku. Wakati ulikuwa mwafaka. Mwaka uliofuata Smith & Wesson walitoa rivolva yao kubwa ya kukunja, ile ambayo mtutu unainamia chini ili upakie, na jeshi la Marekani likaagiza 1,000. Kati ya hizo, 800 zilikuwa za buluu na 200 za nikeli. Shika hesabu hiyo, tutairudia tukifika kwenye udanganyifu. Colt nao, walipotoa bastola yao maarufu mwaka 1873, waliiuza kwa mavazi yote mawili. Mwaka 1885, kutoka Dodge City, Kansas, Bat Masterson aliyewahi kuwa sherifu alikiandikia kiwanda cha Colt akitaka bastola ya nikeli yenye mtutu mfupi, na akaomba kilengeo cha mbele kiwe kirefu na kinene kidogo kuliko cha kawaida. Yeyote aliyejaribu kulenga kwa kilengeo cha nikeli jua la saa saba likiwa begani anaelewa ombi hilo bila kuelezwa. Kilengeo kinageuka cheche, na ulichokilenga kinapotea.

Hapo hapo kulikuwa na ukoo mwingine, wa bastola za bei ya chini. Iver Johnson wa Fitchburg, Harrington & Richardson wa Worcester, Hopkins & Allen wa Norwich, hawa walitengeneza vibastola vya mfukoni kwa wingi mno, na sehemu kubwa vilitoka vikiwa na nikeli. Ndivyo utakavyovikuta vimejazana mezani hadi leo. Vingi haviifikii bei ya simu ya mkononi iliyotumika. Anayeanza hununua kimoja akidhani ameokota hazina, kwa sababu macho yanaona mng'ao na hayaoni jina. Sivitukani. Ni vya kujifunzia, na ukikosea hasara haiumizi. Ila usivilipie bei ya Colt.

Enzi ya nikeli kama kinga ilianza kufungwa mwaka 1965, Smith & Wesson walipotoa Model 60, rivolva ya kwanza ya chuma kisichoshika kutu kuuzwa madukani. Chuma kile kinajilinda chenyewe mpaka ndani, hakina ngozi ya kubanduka. Tangu hapo nikeli ikabaki kama kanzu ya sikukuu, inavaliwa kwa sababu inapendeza.

Na inapendeza kweli. Watu huichanganya na kromu, na ni kosa. Kromu ina ubaridi, weupe unaoelekea buluu, kama bampa la gari. Nikeli ina joto, weupe wenye unjano kwa mbali, kama kijiko cha zamani cha bibi. Ukiweka rivolva ya nikeli karibu na dirisha saa kumi na moja jioni, mistari yote ya mwili wake inajitokeza: mzunguko wa silinda, mfereji chini ya mtutu, mkunjo wa nyuma ya mpini. Kwenye buluu mistari hiyo inabidi uitafute. Kwenye nikeli inakuja yenyewe.

Mpini nao una habari yake, na ni habari inayotuhusu. Bastola za nikeli zilizotengenezwa kwa ajili ya kuonyeshwa mara nyingi zilivishwa mipini ya lulumizi au pembe ya ndovu. Fungua ramani ya Mto Connecticut. Juu iko Springfield, enzi hizo kwa Smith & Wesson. Ukishuka unakuta Hartford, enzi hizo kwa Colt. Endelea kushuka, karibu na mdomo wa mto, kuna Deep River na kijiji kinachoitwa Ivoryton, yaani mji wa pembe, kilichopewa jina hilo kwa sababu ya viwanda vya kukata pembe kwa ajili ya vinanda. Na pembe nyingi zilizokatwa huko karne ya 19 zilipita Unguja, mabegani mwa wapagazi kutoka bara, kisha forodhani, kisha merikebuni. Mimi siwezi kushika mpini wa pembe nikaona urembo mtupu.

Kwa upande wa ushauri: pembe ni mtego. Marekani ilibana biashara yake karibu kabisa tangu Julai 2016, ikaacha nafasi finyu kwa vitu vya kale na vile vyenye pembe kidogo sana, na majimbo kama California, New York na New Jersey yana makatazo yao ya ziada. Kusafiri nayo nje ya nchi usikufikirie. Ukikuta bastola nzuri yenye mpini wa pembe, uliza kama ule wa mpira au mbao uliotoka nao kiwandani upo. Mara nyingi haupo, na hiyo ni sababu ya kushusha bei.

Sasa kasoro, na hapa nitakaa kidogo.

Wewe unayajua mabati ya nyumbani. Bati likikwaruzwa, zinki iliyopakwa juu yake hujitoa mhanga: yenyewe ndiyo inaliwa, chuma kinasalimika kwa muda. Nikeli hufanya kinyume. Ni madini yenye kiburi kuliko chuma. Palipo na tundu dogo kwenye nikeli, hata la ncha ya sindano, unyevu ukipenya ni chuma kilicho chini ndicho kinacholiwa, na kinaliwa haraka kuliko kama kingekuwa wazi. Nikeli yenyewe inabaki inang'aa juu, kama paa zuri la nyumba iliyoliwa na mchwa. Kutu inatambaa pembeni, chini kwa chini, mpaka siku moja kipande kinainuka na kubanduka. Buluu huzeeka mbele ya macho yako, inafifia kidogo kidogo na kuacha chuma cha kijivu ambacho watu wanakipenda hivyohivyo. Nikeli haifahamu kufifia kwa staha. Iko, kisha haipo.

Ngozi hiyo ni nyembamba kuliko unywele wako. Inaanzia kuachia kwenye kingo: mdomo wa mtutu, ukingo wa mbele wa silinda, pembe za fremu, na kila mahali ambapo ala ya ngozi ilisugua miaka nenda rudi. Halafu kuna ukungu, ule weupe kama wa maziwa unaokaa juu ya nikeli iliyowekwa muda mrefu bila hewa. Mara nyingine unatoka kwa kufutwa, mara nyingine umeingia ndani na hautoki hadi kiama.

Hayo yote ni makosa ya nikeli yenyewe. Makosa makubwa zaidi ni ya binadamu.

Bastola yangu ya kwanza ya nikeli niliinunua katika maonesho ambayo sitayataja, kwa mtu ambaye sikumuuliza jina. Rivolva ya kukunja, ya mwishoni mwa karne ya 19, inang'aa kama imetoka jana. Hapo ndipo ningetakiwa kushtuka. Kipya kinyemi, ingawa kidonda. Nikalipa, nikaifunga kwa taulo, nikaenda kumwonyesha jirani yangu, mzee mmoja mstaafu wa karakana ya vyuma ambaye amekusanya silaha tangu ujanani. Hakuishika kwanza. Alinyoosha kidole kwenye ubavu wa fremu, akaniambia nitoe ile lenzi yangu. Ni lenzi ya fundi saa, niliirithi kwa baba, ambaye kibanda chake kilikuwa Mombasa.

"Hivi vishimo vya kutu unaviona?"

"Naviona."

"Ndani vina rangi gani?"

Nikaegemea dirishani. Vishimo vilikuwa vidogo kama vya uso uliopona ndui. Na ndani, hadi chini kabisa, vilimeta.

"Basi kutu ilitangulia," akasema, "nikeli ikafuata."

Hakuongeza neno, akaenda kuchemsha kahawa. Mimi nilibaki nimeinama pale, nikijiona mjinga wa kutupwa. Kutu ingekuwa imekuja baada ya nikeli, ningekuta kishimo cheusi au chekundu chenye kingo zilizovunjika. Kishimo kinachong'aa ndani kina maana moja tu: mtu alikuta chuma kimeliwa, akakisugua, akakichovya upya. Kama utakumbuka kitu kimoja tu katika makala haya, kumbuka kishimo.

Baada ya kahawa alinionyesha mengine, na tangu siku ile ndiyo mwendo wangu mezani. Kwanza namwomba muuzaji ruhusa ya kuishika, naikunjua au kutoa silinda nje, naangalia matundu yote yako tupu, kisha naangalia tena. Halafu naigeuza mpaka taa ya ukumbini ijichore juu ya mtutu au ubavu wa fremu kama mstari mweupe, na nauzungusha mstari huo polepole. Kiwandani ubavu ulisuguliwa ukiwa bapa, kwa hiyo mstari unakwenda umenyooka. Ukipinda na kuyumba kama taswira ya nguzo majini, gurudumu la mtu mwingine limeshapita hapo.

Kisha nazifuata skrubu. Tundu la skrubu la kiwandani lina ukingo mkali. Lililosuguliwa upya lina mbonyeo, kama kikombe kidogo kuzunguka kichwa cha skrubu, kwa sababu gurudumu la kitambaa huzama palipo na tundu. Herufi za kiwanda nazo: ziwe kali, uzihisi kwa ukucha. Zikiwa zimelegea, zimevimba, upande mmoja zimekaribia kufutika, ujue zilipunguzwa na msasa kwanza, kisha zikajazwa na nikeli.

Mwisho naangalia vile visivyotakiwa kung'aa. Watu wengi hawalijui hili, na ndilo linalookoa fedha nyingi. Smith & Wesson, hata walipoichovya bastola nzima, nyundo na kifyatulio kwa kawaida waliviacha na rangi zake za tanuri, zile za mawimbi ya kahawia, kijivu na samawati zinazobaki chuma kikipikwa pamoja na mifupa na makaa. Kwenye zile za kukunja za zamani, pete inayozunguka kifyatulio mara nyingi waliiacha ya buluu. Fundi wa mtaani hana habari na mila hizo. Yeye anachovya kila anachopewa. Ukikuta nyundo nyeupe, kifyatulio cheupe na pete nyeupe, vyote vinacheka pamoja, muuzaji akikuapia kwamba ndivyo ilivyotoka kiwandani, mrudishie kwa heshima na umuage. Yangu ilikuwa hivyo hivyo, nyeupe pe, hadi ndani ya pete.

Si kila iliyochovywa upya ni ya kutapeli. Nyingine zilirudishwa kiwandani kwenyewe, na Smith & Wesson walikuwa na desturi ya kuzigonga alama ya nyota ndogo karibu na namba. Hiyo ni historia, si hila, ingawa bei yake bado iko chini. Pia baadhi ya zile walizozitoa na nikeli zina herufi N iliyogongwa mahali pa kificho, mara nyingi kwenye fremu chini ya mpini. Ndiyo maana mkusanyaji hutembea na bisibisi ya saizi sahihi, na huomba ruhusa ya kufungua mpini. Anayekataa ombi hilo kwa bastola ya dola elfu mbili amekujibu.

Sasa ile hesabu ya 200. Bastola yenye mhuri wa jeshi, mtutu wenye herufi US na mpini wenye alama ya mkaguzi, ikiwa ya nikeli, ni adimu kuliko ya buluu. Wewe jiweke mahali pa mtu asiye na haya mwenye bastola ya buluu iliyochakaa. Utafanyaje? Utatafuta fundi wa kuchovya. Dawa ya jambo hili ni karatasi. Colt wana ofisi ya kumbukumbu, na kwa Smith & Wesson kuna taasisi ya historia yao, na zote mbili hutoa barua kwa malipo: unawapa namba ya silaha, wanafungua vitabu, wanakuandikia ilitoka kiwandani lini, ilipelekwa kwa nani, na ilikuwa ya buluu au ya nikeli. Vitabu vina mapengo, lakini palipoandikwa pameandikwa. Barua ikisema buluu na mkononi umeshika nikeli, mjadala umekwisha. Kwa kitu cha bei kubwa, mwambie muuzaji utalipa barua ikifika.

Kuhusu bei nitasema haya tu: ya kuchovywa upya huwa nusu ya ile yenye vazi lake la asili, na mara nyingi chini ya nusu, hata kama inang'aa zaidi. Ile ya asili iliyobanduka hapa na pale, yenye magamba na uzee wake, wakusanyaji wataigombea. Wageni hulishangaa hili. Nami nililishangaa. Fikiria mlango wa Lamu wenye nakshi za zamani ambao mtu kaupiga randa na vanishi mpya.

Ukishaipata ya kweli, kazi inabaki moja, nayo ni kuzuia mkono wako.

Chovya chovya humaliza buyu la asali, na huku futa futa humaliza nikeli. Dawa yoyote ya kung'arishia ina chembe zinazokwangua, hata ikiandikwa laini. Kila ukipiga, unachukua kidogo. Mwenye bastola ya nikeli anayeing'arisha kila Jumamosi anaila mwenyewe polepole, na pa kwanza kuisha ni zile kingo ambazo mnunuzi mjuzi huzitazama kwanza. Uso wa mbele wa silinda ukishika pete nyeusi za moto, ziache. Ni masizi, hayaumi. Watu wameharibu silinda nzima kwa kukimbizana na masizi hayo kwa brashi ya waya.

Bastola yangu ya pili niliiua kwa usafi. Niliinunua nikijua si ya asili, kwa bei ya haki, na nikataka kuitunza vizuri. Dawa nyingi za kusafishia mtutu zina amonia, kwa sababu amonia huyeyusha mabaki ya shaba yanayoachwa na risasi. Hata ile maarufu ya Hoppe's No. 9, ambayo Frank Hoppe aliibuni mwaka 1903, ina amonia kidogo, na kwa kazi iliyokusudiwa ni dawa nzuri. Lakini mafundi wengi wanaochovya upya hutanguliza utando wa shaba juu ya chuma, kisha nikeli juu ya shaba. Mimi niliilaza silinda ndani ya dawa kali usiku kucha, nikaenda zamu ya usiku. Niliporudi asubuhi, trei ilikuwa na maji ya samawati, na juu yake vipande vyembamba vikielea kama magamba ya changu. Amonia ilipenya kwenye kingo zilizochakaa, ikala shaba, nikeli ikakosa pa kushika. Palipobanduka palionyesha wekundu wa shaba pembeni na chuma katikati. Mke wangu alinikuta nimesimama pale bado na koti la kazi. "Baba Zuhura," akasema, "hiyo nayo umeilipia ngapi?"

Kwa hiyo: ukiona wekundu wowote kwenye kingo, amonia isiguse kitu hicho kabisa. Usipouona pia, usiloweke. Tumia kitambaa chenye dawa isiyo na amonia, pitisha ndani ya mtutu, futa, kausha papo hapo. Mikono yetu ina chumvi, basi ishike kwa glavu za pamba, au ifute kila baada ya kuonyesha wageni. Wengine ngozi zao zinawashwa na nikeli yenyewe, wale ambao hereni za bei rahisi huwatoa vipele. Hao glavu ni lazima. Mara moja au mbili kwa mwaka paka nta nyembamba ya aina wanayotumia majumba ya makumbusho. Ile ya Renaissance ilitokana na kazi ya Makumbusho ya Uingereza miaka ya 1950, na kikopo kimoja utakirithisha. Usiihifadhi ndani ya ala ya ngozi, hata kama ala ni ya zamani na inapendeza nayo: ngozi hubaki na kemikali za kuitengenezea na hunyonya unyevu, nayo nikeli haina shukrani. Weka ala kando, bastola kando, kwenye kabati la kufuli, pamoja na vifuko vya kukausha unyevu.

Na kuifyatua? Zile za karne ya 19 ziache zipumzike. Zilitengenezwa kwa baruti nyeusi, na Colt wenyewe walianza kuidhamini bastola yao kwa baruti isiyo na moshi mwaka 1900. Kutia risasi za leo ndani ya rivolva ya mwaka 1882 ni kuomba silinda ipasuke karibu na pua yako, na mng'ao wa nje hautakueleza nyufa zilizoko ndani. Ukitaka ya nikeli ya kupeleka uwanjani, tafuta za miaka ya 1950 hadi 1970: Colt Python, iliyotoka mwaka 1955, au Smith & Wesson za familia ya Model 19. Mpe fundi wa bunduki aikague kwanza. Hizo zitakuvumilia, mradi ujue kwamba kila risasi inalamba kidogo ukingo wa silinda.

Yangu ya tatu ni mojawapo ya hizo, Model 19, na kisanduku chake cha buluu bado kipo. Nyundo ina mawimbi ya tanuri. Kifyatulio pia. Upande wa kushoto chini ya silinda kuna wingu la ukungu, ukubwa wa ukucha wa kidole gumba, na mwenye macho hulikuta ndani ya dakika moja. Nimeambiwa na wataalamu wawili kwamba labda litatoka likisuguliwa kwa upole.

Limekaa hapo mwaka wa sita. Ndani ya kisanduku nimeweka barua ya historia, risiti, na karatasi niliyoandika kwa Kiswahili na Kiingereza kuwaeleza wanangu ni kitu gani, kina thamani gani, na nani wa kumpigia simu wakitaka kukiuza bila kuibiwa. Mke wangu anajua ufunguo wa kabati ulipo. Kopo la dawa ya kung'arishia hajui lilipo, kwa sababu nililitupa mwenyewe.